Makro zilizozuiwa, cheti cha kujitengenezea na faili kutoka Mwanza: jibu kwa mhasibu wa AMCOS ya zabibu

Swali: Mimi ni mhasibu wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha mazao, ya wakulima wa zabibu hapa mkoani Dodoma. Mapokezi ya zabibu kwenye mizani, makato na malipo ya wakulima tunayaweka kwenye kanzidata ya Microsoft Access, faili la aina ya mdb, tulilotengenezewa na kijana mmoja tangu enzi za Access 2003. Kijana huyo sasa anaishi Mwanza. Tumenunua kompyuta mbili mpya, naye ametutumia faili lililorekebishwa kwa Google Drive. Mimi nililipakua kwenye kompyuta ya zamani na kulihamisha kwa flashi. Kwangu linatokea onyo la njano lenye kitufe cha kuruhusu. Karani alilipakua moja kwa moja kwenye kompyuta yake mpya. Kwake linatokea onyo jekundu lisilo na kitufe cha kuruhusu, na vitufe vyote vya fomu havifanyi kazi. Fundi mmoja amesema turuhusu makro zote, yaani amri zinazojiendesha ndani ya faili. Mwingine amesema tununue saini ya kidijitali. Nimejaribu kujitengenezea cheti. Kompyuta yangu imekikubali, ya karani imekikataa. Msimu wa Agosti unakaribia. Nifanye lipi?

Jibu:

Ndugu mhasibu, ushauri wa fundi wa kwanza usiufuate kabisa, na wa pili usimlipe bado. Tatizo lenu si kwamba Access ina ukali kupita kiasi, wala si kwamba faili linakosa saini. Kompyuta mpya hazijaambiwa kwamba faili hilo linatoka kwa mtu mnayemfahamu, na ziko njia kadhaa za kuziambia, nyingine za bure na za muda mfupi, nyingine za gharama na zenye kuhitaji matunzo ya kila mwaka. Nitaanza na kile kinachotokea kwenye skrini, kwa sababu rangi mbili ulizozitaja zinaeleza mengi.

Access ikikutana na faili isiloliamini hailikatai. Inalifungua likiwa limefungwa mikono: majedwali yanasomeka, fomu zinafunguka, hata rekodi mpya zinaandikika, lakini msimbo wa VBA, yaani lugha ya programu iliyo ndani ya Office, hauendeshwi, vidhibiti vya ActiveX, yaani vipande vya programu vinavyopachikwa kwenye fomu, havipakiwi, vitendo vya makro vinavyohesabiwa kuwa vya hatari vinazuiwa, na kwiri zinazobadili data kwa mkupuo, yaani zile za kuongeza, kusasisha na kufuta, zinagoma. Vitufe vya fomu ya karani havifanyi kazi kwa sababu nyuma ya kila kitufe kuna msimbo, na msimbo umezuiwa.

Hapa naomba utulie kidogo, kwa kuwa hukuliuliza jambo hili na pengine ndilo la haraka kuliko yote. Kama karani wako ameendelea kuingiza kilo za wakulima kupitia fomu hiyo wakati onyo jekundu likiwa juu ya skrini, basi rekodi hizo zimeingia bila msimbo wa kukagua na kukokotoa makato kufanya kazi. Fomu inapokea namba, jedwali linahifadhi namba, na hakuna kosa linaloonekana. Lakini kama mtengenezaji aliweka hesabu ya makato ndani ya msimbo, kama wengi wanavyofanya, safu ya makato itakuwa tupu au itabeba thamani ya kuanzia. Simamisha uingizaji wa data kwenye kompyuta hiyo leo, kisha pitia rekodi zote zilizoingizwa humo tangu iliponunuliwa.

Sasa turudi kwenye rangi. Onyo la njano ni la kawaida: Access inasema imeona msimbo, imeuzuia, na inakuachia wewe uamuzi. Ukibofya kitufe cha kuruhusu mara moja, toleo la Access 2010 na yaliyofuata hukumbuka uamuzi huo kwa faili hilo kwenye kompyuta hiyo, na onyo halirudi. Onyo jekundu ni jambo jingine. Kivinjari kinapopakua faili kutoka intaneti, Windows huliwekea alama iliyofichwa inayosema faili hili limetoka nje. Alama hiyo hukaa kwenye mkondo wa pembeni wa faili, unaoitwa Zone.Identifier, na ndani yake huandikwa namba ya eneo, ambayo kwa intaneti ni 3. Februari 2022 Microsoft ilitangaza kwamba Access, Excel, PowerPoint, Visio na Word zitazuia makro za VBA kwenye faili zenye alama hiyo bila kumpa mtumiaji kitufe cha kuzikubali. Mabadiliko yalianza kusambazwa, yakasitishwa kidogo Julai ya mwaka huohuo kutokana na malalamiko, kisha yakaendelea kabla mwezi haujaisha.

Kwa nini basi kwako ni njano? Kwa sababu ya flashi. Alama hiyo huishi kwenye diski zilizoumbizwa kwa NTFS, mpangilio wa faili wa Windows. Flashi nyingi zinazouzwa madukani zimeumbizwa kwa FAT32 au exFAT, ambazo hazina mahali pa kuitunza, hivyo ulipolihamisha faili alama ilibaki nyuma. Faili ni lilelile, hatari yake, kama ipo, ni ileile, ila moja limepoteza kumbukumbu ya lilikotoka. Nakueleza haya ili usije ukahitimisha kwamba kompyuta yako iko sawa na ya karani ni mbovu. Ya karani ndiyo iliyofanya kazi yake.

Kuhusu fundi wa kwanza. Ukifungua Access, ukaenda kwenye menyu ya faili, ukachagua kipengele cha chaguo kilicho chini kabisa, na humo tena ukachagua kipengele cha mwisho, utafika kwenye kituo cha uaminifu (Trust Center). Kwenye mipangilio ya makro utakuta chaguo nne, moja chini ya nyingine. La kwanza huzuia makro zote kimyakimya. La pili huzuia zote lakini hukujulisha, na ndilo linalokuja na programu. La tatu huzuia zote isipokuwa zenye saini ya kidijitali. La nne huruhusu zote. Fundi anataka uchague la nne, na huenda vitufe vyenu vikafanya kazi; lakini vikifanya kazi, vitafanya pamoja na vya kila faili jingine la Access litakaloletwa kwenye kompyuta hiyo, na mpangilio huo utabaki pale miaka mingi baada ya kila mtu kusahau kwa nini uliwekwa. Nimewahi kuzikuta kompyuta za ofisi moja zikiwa zimewekwa chaguo la nne na mtu aliyekwishastaafu, na hakuna aliyejua.

Hofu hii haikuanza jana. Kirusi cha makro kilichojulikana zaidi, Melissa, kilienea kwa Word mwishoni mwa Machi 1999 kwa kujituma kwenye anwani 50 za kwanza za kitabu cha barua pepe cha kila aliyekifungua. Access nayo haikusalimika. Virusi vya makro vya Access 97 vilikwishaonekana mwaka 1998. Makro ya Access inayoitwa AutoExec hujiendesha yenyewe faili linapofunguliwa, bila mtu kubofya chochote, na msimbo wa VBA unaweza kufuta faili, kuita programu nyingine au kutuma data nje kwa ruhusa zote alizonazo mtumiaji aliyeketi mbele ya kompyuta. Kompyuta ya mhasibu wa AMCOS ina namba za simu na akaunti za benki za wakulima wote.

Sasa saini. Fundi wa pili hakukosea kuitaja, ila nina shaka kama alikueleza saini inathibitisha nini na haithibitishi nini. Utaratibu wake ni huu: programu husoma msimbo wote na kuukokotolea heshi, yaani namba ya muhtasari ambayo hubadilika kabisa hata herufi moja ya msimbo ikibadilishwa. Mwenye kusaini hutumia ufunguo wake wa siri kuitia saini heshi hiyo. Kompyuta inayopokea hukokotoa heshi upya, hutumia ufunguo wa umma ulio kwenye cheti kuhakiki saini, na kulinganisha. Zikilingana, mambo mawili yamethibitika: msimbo haujaguswa tangu uliposainiwa, na aliyesaini ndiye mwenye ufunguo wa siri unaooana na cheti hicho. Hayo tu.

Wewe una mizani pale kwenye kituo cha kupokelea zabibu. Wakala wa Vipimo akija, huihakiki na kuiwekea alama yake. Alama hiyo inasema mizani ilikaguliwa na nani, na kwamba haijachezewa tangu hapo. Haisemi kwamba karani anaisoma kwa uaminifu, wala haisemi kwamba kreti lililopimwa halina mawe chini. Saini ya msimbo iko vivyo hivyo. Msimbo mbaya unaweza kusainiwa vizuri, na msimbo mzuri kabisa wa kijana wenu unaweza kukaa miaka 20 bila saini.

Kuna jambo jingine ambalo wahasibu wengi hulielewa kinyume. Saini hii hailindi data. Ukiongeza rekodi 1,000 za wakulima leo, saini iliyowekwa kwenye msimbo wa faili la mdb haivunjiki, kwa kuwa ilikokotolewa juu ya msimbo na si juu ya rekodi. Ingevunjika kila rekodi ikiongezwa, kanzidata isingeweza kutumika. Maana yake ni kwamba mtu akiingia kwenye jedwali na kubadili kilo 300 kuwa 800, saini itaendelea kung'ara. Wala usiichanganye na saini ya kielektroniki inayotambuliwa na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ambayo inahusu mtu kuridhia waraka au muamala. Ukitaka mwenyekiti aidhinishe orodha ya malipo kwa njia ya kielektroniki, hilo ni suala tofauti kabisa na la msimbo wa Access.

Kwa faili la mdb, saini huwekwa ndani ya mhariri wa VBA, kwenye menyu ya zana. Tangu Access 2007, ilipokuja aina mpya ya faili iitwayo accdb, kuliongezwa njia nyingine: kanzidata nzima hufungashwa kwenye kifurushi chenye kiambishi accdc, kifurushi ndicho kinachosainiwa, na mpokeaji hukifungua na kutoa kanzidata ndani yake. Ni njia nzuri ya kusafirishia, kwani inafunika kila kitu na si msimbo peke yake. Ila kanzidata ikishatolewa kwenye kifurushi, uhusiano wake na saini umekwisha. Ni kama barua iliyofungwa kwa lakiri: ukishaivunja lakiri na kuitoa barua, lakiri haikuambii tena chochote kuhusu barua iliyo mezani.

Tuje kwenye cheti chako. Ulichotengeneza ni cheti ambacho kimejithibitisha chenyewe, pengine kwa kutumia programu ndogo ya SELFCERT inayokuja na Office. Kompyuta yako ilikikubali kwa sababu ndiyo iliyokizaa, na ufunguo wake wa siri uko humo. Ya karani haina sababu yoyote ya kukiamini. Kwa upande wake ni sawa na mtu aliyejichongea mhuri na kuandika juu yake jina analolitaka, na kwa kweli SELFCERT haikuulizi kitambulisho, unaandika jina lolote na linakubalika. Inawezekana kuilazimisha kompyuta ya karani ikiamini, kwa kuhamisha nakala ya cheti isiyo na ufunguo wa siri, faili lenye kiambishi cer, na kuiingiza kwenye hazina mbili za Windows: ya mamlaka za mizizi zinazoaminiwa, yaani watoa vyeti wa juu kabisa, na ya wachapishaji wanaoaminiwa. Nakuonya juu ya kosa ambalo nimeliona kwa mafundi zaidi ya mara moja: badala ya kuhamisha cer wanahamisha pfx, ambayo ina ufunguo wa siri ndani yake, wanaiacha kwenye flashi, na flashi inazunguka mji mzima. Yeyote atakayeiokota, akalijua nenosiri lake, anaweza kusaini msimbo wowote kwa jina lako, na kompyuta zako zote zitauendesha bila kuuliza.

Mimi mwenyewe niliwahi kuponzwa na cheti cha namna hii. Nilisaini kanzidata ya kikundi kimoja chenye kompyuta katika vijiji vitatu, kisha nikaifuta na kuiumbiza upya kompyuta yangu bila kuhifadhi ufunguo mahali pengine. Marekebisho yaliyofuata nilipaswa kuyasaini kwa cheti kipya, ambacho hakuna kompyuta iliyokifahamu, na nikalazimika kurudi kijiji kwa kijiji katikati ya masika kuingiza cheti upya. Barabara ya Hombolo wakati wa mvua inatosha kumfundisha mtu kuhifadhi funguo.

Cheti cha kununua kutoka mamlaka inayotambulika kimataifa kinaondoa kazi ya kuingiza mizizi, kwa kuwa Windows tayari inaiamini mamlaka hiyo. Lakini kina masharti yake. Mamlaka huhakiki utambulisho wa taasisi kwa nyaraka. Tangu Juni 1, 2023 ufunguo wa siri wa cheti cha kusainia msimbo ni lazima ukae kwenye kifaa maalumu kilichoidhinishwa, kwa kawaida tokeni inayochomekwa kama flashi au huduma ya mbali inayotunza ufunguo kwa niaba yako. Cheti kina tarehe ya kwisha, na saini isiyo na muhuri wa muda, yaani uthibitisho wa lini iliwekwa, hupoteza nguvu cheti kinapokwisha. Juu ya hayo, kila msimbo ukirekebishwa saini huvunjika na mwenye tokeni anapaswa kusaini tena. Kama kijana wa Mwanza anauza mfumo wake kwa AMCOS 30, anunue yeye, tena afanye hivyo upesi. Kwa AMCOS moja yenye kompyuta chache zilizo chini ya paa moja, sioni hoja ya kutumia fedha za wakulima hapo.

Maana swali lenu la msingi ni dogo kuliko hilo: je, faili hili ni lilelile alilotuma yule kijana? Mna namba yake ya simu na mnaijua sauti yake. Basi fanyeni hivi. Pakua faili upya kutoka Google Drive na usilifungue. Fungua dirisha la amri la Windows kwenye folda lilipo, andika certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256, na ubonyeze ingiza. Itatokea namba ndefu yenye tarakimu na herufi 64. Mpigie kijana simu, naye afanye hivyohivyo kwenye nakala aliyobaki nayo, na asome namba yake taratibu huku wewe ukifuatilia kwa kalamu. Zikilingana zote, faili ni lake na halijaguswa njiani. Mmefanya kwa mkono, kwa gharama ya dakika chache za simu, kazi ileile ambayo saini ingefanya, na sauti ya mtu unayemfahamu imechukua nafasi ya mamlaka ya vyeti. Zingatia tu kwamba kazi hii ifanyike kabla faili halijafunguliwa upande wowote, kwa sababu Access huandika ndani ya faili hata ukilifungua na kulifunga bila kubadili chochote, na heshi itatofautiana ingawa hakuna aliyelichezea. Msome namba kwa simu, si kwa ujumbe uliopita njia ileile iliyolileta faili.

Mkisharidhika kwamba ni lenyewe, tumieni folda iliyoaminiwa. Kwenye kituo kilekile cha uaminifu kuna sehemu ya maeneo yanayoaminiwa (Trusted Locations). Faili lolote la Access likifunguliwa kutoka kwenye eneo hilo, msimbo wake huendeshwa bila onyo, na ukaguzi huu hutangulia ule wa alama ya intaneti, hivyo onyo jekundu nalo litatoweka. Tengeneza folda mpya kwenye diski ya C ya kila kompyuta, uipe jina la mfumo, uiweke kwenye orodha, na usiweke alama ya kujumuisha folda zilizo ndani yake. Usiamini folda ya vipakuliwa, wala eneo-kazi, wala diski nzima ya C. Ukiamini vipakuliwa umerudi kwenye ushauri wa fundi wa kwanza kwa mlango wa nyuma. Mpangilio wa makro uache kwenye chaguo la pili, kama ulivyokuja.

Udhaifu wa njia hii uko wazi: kompyuta inaamini mahali, haitazami kilichomo. Anayeweza kuweka faili ndani ya folda hiyo anaweza kuendesha msimbo wowote. Na huwezi kuifunga folda kabisa isiandikwe, kwa kuwa Access inahitaji kuunda humo faili dogo la kufuli kila kanzidata inapofunguliwa. Ndiyo maana kuna mtego wa mtandao ambao sipendi muuingie, yaani kuiweka kanzidata nzima kwenye folda ya pamoja ya mtandao na kuiamini folda hiyo kutoka kompyuta zote. Access yenyewe hairuhusu eneo la mtandao mpaka uweke alama ya ziada, na pembeni ya alama hiyo imeandikwa kwamba haishauriwi. Iheshimuni.

Badala yake mwombe kijana agawe kanzidata katika mafaili mawili, kama hajafanya hivyo. Faili la data libaki na majedwali peke yake, likae kwenye kompyuta moja inayoshirikiwa. Halina msimbo, hivyo halihitaji kuaminiwa. Faili la fomu, ripoti na msimbo linakiliwe kwenye folda iliyoaminiwa ya kila kompyuta, na liunganishwe na majedwali yale. Mkipata marekebisho mnabadilisha faili la fomu tu, na data ya msimu haiguswi. Faili la fomu anaweza pia kulitoa katika hali iliyokwishatafsiriwa, yenye kiambishi accde au mde kwa mafaili ya zamani, ambayo msimbo wake hauwezi kusomwa wala kuhaririwa na mtu yeyote pale ofisini. Atunze asili yake, kwa sababu njia ya kurudi haipo.

Mwombe pia aweke AutoExec yenye vitendo salama pekee, inayouliza thamani ya CurrentProject.IsTrusted, na ikiwa si kweli ifungue ukurasa mmoja wenye maandishi makubwa: mfumo haujaaminiwa, usiingize data, mwite mhasibu. Vitendo vya namna hiyo vinaruhusiwa hata faili likiwa limefungwa mikono. Ungekuwa nao, usingekuwa unapitia rekodi za karani wiki hii.

Mambo mawili yanaweza kukukwaza baada ya haya yote, ukadhani usalama bado unazuia. La kwanza ni Office ya biti 64, ambayo kompyuta mpya nyingi huja nayo: msimbo wa zamani unaoita kazi za Windows moja kwa moja hautatafsirika humo mpaka matamko yake yarekebishwe kwa neno PtrSafe, na faili la accde lililotengenezwa kwenye biti 32 halifunguki kwenye biti 64. Ujumbe utakaouona utataja matamko au utafsiri wa msimbo, hautataja uaminifu. La pili ni kuhamia accdb. Kama mfumo wenu una watumiaji na manenosiri yaliyowekwa kwa utaratibu wa zamani wa Access, ule unaotumia faili la kikundi-kazi lenye kiambishi mdw, utaratibu huo haupo kwenye accdb. Mkibadili aina ya faili bila kulijua hilo, karani atajikuta anaweza kufungua kila kitu ambacho jana kilikuwa kimefungwa.

Ukisikia mtu anawashauri muhamie LibreOffice Base ili kukwepa haya, mwambie nayo ina ngazi nne za usalama wa makro, inakuja ikiwa kwenye ngazi ya juu, na ina orodha yake ya vyeti na maeneo yanayoaminiwa. Ni programu nzuri na ya bure, lakini makro za VBA za Access hazihamii huko kama zilivyo.

Kwa kuwa mnatunza majina, simu na akaunti za wakulima, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu, na wajibu wa kuziweka taarifa hizo salama ni wa AMCOS, si wa fundi wala wa mtengenezaji wa mfumo. Siku mkiulizwa kompyuta zenu zimewekwaje, jibu la kwamba makro zote ziliruhusiwa kwa sababu vitufe vilikuwa havifanyi kazi halitasikika vizuri.

Faili ulilolisaini mwenyewe liweke pembeni na usilitumie tena. Anza na lile utakalolipakua upya na kulihakiki kwa simu. Kisha kwenye kompyuta yako andika certmgr.msc kwenye kisanduku cha kutafutia, ufungue hazina yako binafsi, ukitafute cheti ulichokitengeneza na ukifute. Kama ulijaribu kukiingiza kwenye kompyuta ya karani, kitafute huko pia, kwenye hazina ya mizizi na ya wachapishaji, na ukifute huko kote. Na kama kuna flashi uliyokihamishia, faili la pfx likiwa humo, hilo ndilo uanze nalo.